Ubao Usio na Jicho

Dawati la binti yake, Fundi alilitengeneza mwisho, baada ya mengine yote kukamilika na kupangwa nje ya karakana chini ya turubai. Ubao wa juu alikuwa ameuweka kando tangu siku mbao ziliposhushwa. Ulikuwa ubao mpana, mwekundu kidogo, usio na hata jicho moja, lile fundo linaloachwa na tawi la mti, na kila mteja aliyeutolea macho aliambiwa una mwenyewe. Sasa alikuwa akiupiga randa taratibu, maranda yakijikunja na kumwangukia miguuni, naye akipiga mluzi. Mkewe alikuwa na msemo wake: ukimsikia mume wangu anapiga mluzi, ujue ama kalipwa au kadanganywa.

"Maswali!" aliita. "Njoo ukae hapa nikupime."

Binti akatoka ndani akijifuta mikono. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu alipoanza kusema hakusema mama wala baba. Alisema, "Nini?" Tangu hapo hakunyamaza. Aliwauliza wateja, aliwauliza wapita njia, akamuuliza mwalimu wa dini mpaka mwalimu wa dini akaomba kuhamishiwa darasa jingine. Mtaa mzima ukamzoea hivyo, na wazazi wake wakawa Baba Maswali na Mama Maswali, nao wakaona fahari.

Alikaa kwenye benchi, Fundi akashusha ubao mpaka usawa wa viwiko vyake.

"Hapo panakutosha?"

"Panatosha, Baba. Lakini huko chuoni kila mtu si atakaa popote anapopenda?"

"Hili ni lako. Litakuwa mbele, upande wa dirisha. Nimeshamwambia Mkuu wa Tawi, huyu anayetufungulia chuo hapa mjini."

Hapo ndipo Mwalimu wa Fizikia alipopiga hodi, chaki mikononi hadi kwenye viwiko. Huyu ndiye aliyemfundisha Maswali katika shule ambayo maabara yake ilikuwa kabati moja lisilofungika, na ndiye aliyeruka kama mtoto mbele ya ofisi matokeo yalipotoka. Katika shule nzima, Maswali peke yake ndiye aliyepata nafasi chuo kikuu cha mji mkuu, kusomea uhandisi wa maji, tena kwa ufadhili wa ada.

"Karibu, Mwalimu. Angalia suruali yako, hapo pana msumari."

"Sikai, Fundi. Nimepita kuuliza jambo moja tu. Binti amethibitisha nafasi yake?"

Fundi akaupuliza ubao vumbi likaruka.

"Kesho ndiyo mwisho," Mwalimu akasema. "Ikipita kesho, nafasi anapewa mwingine na ufadhili unakwenda nayo. Mtu aliyeuacha hapewi mara ya pili."

"Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini kwa nini nimpeleke mtoto kwenye chuo cha watu, wakati hapa kuna chuo nimekitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe?"

"Umetengeneza madawati, Fundi."

"Na wanafunzi watakaa wapi, hewani?"

"Chuo ni walimu. Ni maabara. Ni usajili. Hilo tawi nimeuliza kila mahali, hakuna anayelijua."

"Hayo yatakuja." Fundi akacheka, akayapigapiga madawati kama mtu anayesifu ng'ombe wake. "Wewe niambie, Mwalimu, umesoma. Mwizi gani anaanza kwa kuagiza madawati?"

Mwalimu akajipangusa chaki mikononi. Alimtazama Maswali, naye Maswali akamtazama baba yake.

Tusimcheke Fundi. Maisha yake yote, waliomwibia walimwibia kwa namna moja: walichukua kitanda, wakaahidi kulipa, wakapotea. Huyu Mkuu wa Tawi hakuchukua kitu. Huyu alikuja na tai yake, akaleta heshima, akasema mji mdogo kama huu nao unastahili chuo. Na Fundi ni mtu wa kuamini alichokishika. Neno linaweza kuwa uongo, lakini dawati ukilikalia lisipolia, hilo ni dawati.

Isitoshe, kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Mwalimu. Ufadhili ulikuwa wa ada peke yake. Nauli, chumba na chakula cha mji mkuu vilikuwa juu ya mzazi, na Fundi alikuwa amejikamua kwa ajili hiyo tangu binti akiwa kidato cha kwanza. Fedha hizo zote zilikuwa zimeingia kwenye mbao. Mkuu wa Tawi ndiye aliyempa wazo. "Mzee wangu, wewe nunua mbao, utengeneze. Malipo yako tutayakata kwenye ada ya binti mpaka amalize, na kinachobaki nakupa taslimu siku ya ufunguzi." Fundi alirudi nyumbani siku hiyo akipiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata ziara ya Mwalimu walipeleka madawati kwa mkokoteni, Fundi mbele akivuta, Maswali nyuma akisukuma. Tawi lilikuwa katika lile ghala la zamani la vitunguu karibu na soko. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe kuanzia chini hadi ngazi ilipofika, na juu yake ukabaki ulivyokuwa. Mlangoni kulikuwa na bango jipya: CHUO KIKUU, TAWI. Tawi la chuo gani, bango halikusema. Ndani harufu ya vitunguu ilikuwa imeshika kuta, na watu wa sokoni walishaanza kutania kwamba wanafunzi wa hapa watalia kabla hata ya mtihani.

Mkuu wa Tawi alikuwa amekaa nyuma ya meza, simu moja sikioni, nyingine mkononi. Aliwaonyesha kwa kidole waingilie mlango wa nyuma, maana wa mbele rangi ilikuwa mbichi. Wakazunguka na madawati moja moja. Walipomaliza, Fundi akasimama akihema, shati limemganda mgongoni.

"Safi, mzee wangu, safi sana. Ukiwa hapa hapa, hebu nitazamie mguu wa hiki kiti, unacheza."

Fundi akapiga magoti. Akaingia chini ya meza na nyundo yake, huku yule bwana akiendelea kuzungumza na simu juu ya kichwa chake, bila hata kuinuka vizuri. Maswali aliona nyayo za baba yake, viatu vilivyochanika pembeni, vikitokeza chini ya meza ya mtu. Uso ukamwaka moto.

"Shikamoo," alisema simu ilipokatwa. "Samahani, nilitaka kujua, maabara itakuwa wapi?"

"Marahaba, binti. Maabara iko njiani."

"Na walimu wa uhandisi?"

"Nao wako njiani."

"Na maji? Naona jengo halina bomba. Mtu atafundishwaje uhandisi wa maji mahali pasipo na bomba?"

Mkuu wa Tawi akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, kisha akainama kumtafuta Fundi chini ya meza. "Mzee, huyu binti yako ana maswali mengi."

"Ndilo jina lake, mkubwa," Fundi akajibu kutoka kule chini, naye akicheka. Akatoka kinyumenyume, vumbi magotini.

"Maana nafasi zinagombaniwa. Yeye nimemwekea kwa heshima yako tu. Sasa kama hamna imani..."

"Tuna imani, mkubwa. Tuna imani kabisa." Fundi akamgeukia binti yake, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Maswali, nyamaza. Unanitia aibu mbele za watu."

Maswali akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuambiwa hivyo na baba yake, na hakujua kwamba neno dogo kama hilo linaweza kumchoma mtu namna ile.

Jioni walikaa watatu sebuleni. Mama Maswali alikuwa amesuka vichwa vya watu tangu asubuhi na vidole vilimuuma, akawa anavikandakanda na mafuta. Simu ya nyumba ilikuwa moja, na leo ilikuwa katika mfuko wa shati la Fundi. Kuthibitisha nafasi hakukuhitaji zaidi ya kubonyeza namba na kujibu ndiyo. Kila mmoja pale alijua hivyo, na kila mmoja alijitahidi kutoutazama ule mfuko.

"Wewe unasemaje, Mama Maswali?" Fundi akauliza. "Mtoto ni wetu wote."

"Mimi?" Akavuta vidole vyake kimoja kimoja. "Mimi nasema awe karibu. Mji mkuu tuna nani sisi? Hata shangazi hatuna. Akiugua atamwambia nani?"

Alisema hivyo, na yalikuwa maneno ya busara. Lakini moyoni kulikuwa na jingine, naye aliona haya kulitoa: alikuwa akiogopa nyumba bila yule mtoto. Aliogopa kuamka asubuhi asisikie mtu anauliza kwa nini chai imechelewa. Alipokubaliana na mumewe alikuwa anajiokoa mwenyewe, na alijua.

"Baba, naomba niulize moja tu."

"Uliza."

"Je, tawi lisipofunguliwa?"

Fundi akaweka kikombe chini. Kutwa nzima alikuwa amebeba, amevuta, amepiga magoti, na sasa mtoto wake mwenyewe alikuwa akimtilia mashaka.

"Kwa hiyo baba yako ni mjinga?"

Swali hilo halina jibu kwa mtoto aliyelelewa. Angeweza kusema: hapana Baba, lakini unaweza kukosea. Angeweza kusema: nipe simu. Alikuwa na maneno yote hayo mdomoni, ila aliziona tena zile nyayo zikitokeza chini ya meza, akashindwa kuwa mtu wa pili kumdhalilisha siku hiyo hiyo.

"Hapana, Baba."

"Basi yameisha."

Mama Maswali akapeleka vikombe jikoni ingawa chai ilikuwa haijaisha. Simu ikabaki mfukoni mpaka saa za kuthibitisha zikapita. Kesho yake jioni Mwalimu wa Fizikia alipita mbele ya karakana, akaangalia mbele kama mtu asiyemjua yeyote pale, na Fundi akamwona lakini hakumwita.

Ufunguzi ukaahirishwa. Kwanza ilisemwa mgeni rasmi amepata dharura. Kisha paa linavuja. Kisha Mkuu wa Tawi amesafiri kidogo kufuatilia usajili, na wazazi wakaambiwa wawe na subira. Waliokuwa wamelipa fedha za kujiandikisha walianza kupita karakana kwa Fundi kuulizia, maana yeye ndiye waliyemwona karibu na wakubwa. "Atarudi," Fundi aliwaambia. "Mtu hawezi kuacha madawati yote yale." Simu ya Mkuu wa Tawi ilikuwa haipatikani, na ile nyingine hivyo hivyo.

Halafu siku moja mlango wa ghala ukaonekana na kufuli jipya. Kufikia mchana wazazi walikuwa wamejaa, wengine wanalia, wengine wanapiga mlango mateke. Fundi alipofika, mama mmoja anayeuza nguo za mitumba akamshika shati.

"Si wewe uliyetuambia? Si wewe uliyesema umekiona chuo kwa macho yako?"

"Hata mimi, dada yangu..."

"Hata wewe nini? Wewe ulipewa tenda! Wewe ni mtu wao!"

"Amekula nao," mtu akasema nyuma, na neno hilo likapita kwa watu kama moto kwenye maranda. Hakuna aliyempiga. Ila walimfungulia njia apite, na namna walivyojivuta pembeni asiwaguse ilimuuma kuliko kupigwa.

Mwenye ghala alikuja na funguo zake. Ni mtu mnene, mpole, asiyependa kelele. Alieleza kwamba na yeye amepigwa changa la macho, kodi hajaiona hata ya mwezi mmoja, kwa hiyo vilivyomo ndani vitabaki ndani.

"Madawati ni yangu," Fundi akasema. "Sijalipwa hata senti."

"Una karatasi yoyote mliyoandikiana?"

"Alinipa neno lake."

"Basi mzee, kalidai hilo neno." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamweleza tu mambo yalivyo.

Fundi hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shuleni, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na kofia mkononi mpaka Mwalimu wa Fizikia akamwona. Hawakulaumiana. Mwalimu alimtuma mwanafunzi akamwite Maswali, kisha akapiga simu chuo kikuu na kuiweka mezani wote wasikie. Iliita sana. Sauti ya mwanamke ikajibu, ya adabu, yenye haraka kidogo.

"Nafasi hiyo imeshajazwa, Mwalimu. Mwambie aombe tena mwakani."

"Na ufadhili?"

Zikasikika kelele za vitufe. "Ufadhili hana tena. Hapa naona ameukataa."

"Hakuukataa, dada. Kulikuwa na tatizo la kifamilia. Hakuthibitisha tu."

"Asiyethibitisha, kwenye mfumo wetu anasomeka amekataa. Pole sana."

Simu ikakatika. Fundi alitazama sakafu. Maswali alikuwa ameitazama ile simu mezani, na Mwalimu, aliyemfundisha kwa miaka, akamsubiri aulize. Afadhali angeuliza kitu. Angeuliza kama kuna mkubwa wa kumwandikia, kama kuna chuo kingine, kama mwakani mambo yanaweza kubadilika. Mwalimu alikuwa tayari kumdanganya kidogo.

"Asante, Mwalimu," Maswali akasema. Akamshika baba yake mkono wakatoka.

Ndipo nyumba ilipoingia kimya. Maswali alifanya kila alichoambiwa. Alipika, alifua, alimsaidia mama yake kuchambua nywele za kusukia. Akiambiwa kaa, anakaa. Mama Maswali alikuwa anapika chai makusudi kwa kuchelewa, mpaka jua likawa juu kabisa, akisubiri kusikia kwa nini. Hakusikia. Siku moja alishindwa, akaegemea ukuta wa jiko na kulia, kwa sababu alikuwa amepata alichokiomba: mtoto alikuwa karibu.

Karakana nayo ikapoa. Wateja walipeleka viti vyao kwa fundi wa upande wa pili wa soko. Randa likaanza kushika kutu pembeni.

Mtu wa kwanza kuleta kazi alikuwa mwenye ghala. Alikuja mwenyewe, akakataa kiti, akasema msimu wa vitunguu unakaribia na yeye anahitaji masanduku.

"Mbao unazo?" Fundi akauliza.

Yule mtu akakohoa. "Mbao ziko ndani mle. Nimeona nikuite wewe kwa sababu unazijua. Vunja, nitengenezee masanduku, nakulipa kazi yako kila jioni. Mwingine angekwambia kwa mkopo."

Kweli, hakukuwa na mwingine. Fundi alipowaeleza nyumbani, mkewe alimkazia macho.

"Utavunja kazi yako mwenyewe, Baba Maswali?"

"Nivunje ya nani, mke wangu? Ndiyo iliyopo."

Asubuhi alichukua nyundo, msumeno na koleo, na Maswali akachukua nyundo ya pili akamfuata bila kuitwa. Ghala lilikuwa giza na vumbi. Bango la mlangoni lilikuwa limeshushwa na kuwekwa chini, mtu akanyage akiingia asichafuke. Walianza na dawati la karibu. Fundi alikuwa ameyaunga vizuri mno, gundi na misumari na viungo vilivyoshikana barabara, akiamini yatakaliwa na watoto wa watoto. Sasa uzuri wa kazi ukawa adui yake. Kila ubao ulihitaji kupigwa na kupigwa ndipo uachie, na kila ulipoachia ulitoa mlio uliomfanya afumbe macho.

Walifanya hivyo kwa siku kadhaa. Baba anabomoa, binti anang'oa misumari na kuinyoosha, kisha baba anakata na binti anapigilia. Mikono yake ilizoea haraka. Fundi aliuona wepesi ule na hakuona fahari, aliona hofu. Jioni mwenye ghala alikuja, akahesabu masanduku, akalipa kama alivyoahidi, akaenda zake.

"Baba, machozi," Maswali alisema siku moja, kwa sauti isiyouliza, ya kueleza tu.

"Vitunguu hivi," Fundi akajibu, akajifuta kwa bega. Vitunguu vilikuwa havijaanza kuingia.

Dawati la mbele upande wa dirisha Fundi alikuwa akiliruka kila siku. Alianza na ya nyuma, akaja ya katikati, akayamaliza ya pembeni. Asubuhi ya mwisho lilikuwa limebaki hilo peke yake katikati ya ghala, ubao wake mwekundu usio na jicho, na jua la dirishani limeulalia. Akalizunguka. Akainua nyundo, akaishusha. Alitaka kumwambia binti yake kitu alichokuwa akikitafuta tangu siku ile ya simu, neno lolote, hata nisamehe. Lakini baba hajafunzwa kumwambia mwanawe neno hilo.

"Hili tuliache," alisema. "Nitamwomba mwenye ghala. Nitamlipa kidogo kidogo. Utalitumia nyumbani."

Maswali alilitazama lile dawati. Akapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, mpaka ukingoni. Kisha akalishika kwa mikono miwili, akalipindua miguu juu, akapiga goti chini kando yake na kuokota nyundo. Fundi akamwona anafungua mdomo, na moyo wake ukaruka, maana uso ulikuwa umerudi kuwa ule wa zamani, uso wa mtoto anayetaka kujua jambo.

"Baba," akauliza, "nianze upande gani?"